Hatutembei, Tunazika

"Mna cheti cha ndoa?"

Binti wa mapokezi aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye daftari la wageni. Ilikuwa saa moja jioni, katikati ya jiji la Mwanza, Agosti 2025. Mimi na mume wangu tulikuwa tumesafiri siku mbili: treni kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, tukalala, kisha basi kupitia Singida na Shinyanga. Kila mmoja alikuwa na begi moja mgongoni. Ndoa yetu ina miaka tisa na watoto wawili. Cheti kipo Dar es Salaam, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya godoro, mahali ambapo watu wenye akili timamu huweka vyeti vya ndoa.

Nyuma yetu walisimama vijana wawili wa Kizungu, mvulana na msichana. Nao walikuwa na mabegi mgongoni, makubwa kuliko yetu, yamening'inia viatu na chupa za maji. Binti aliwatazama juu ya bega langu, akatabasamu, akasema, "Karibuni sana." Hao hawakuulizwa cheti. Waliulizwa kama wanapenda chumba cha juu au cha chini.

Sisi tukaandika majina. Kwenye safu ya "Unakokwenda" niliandika Igogo. Binti akasoma, akacheka. "Dada, Igogo si hapo tu? Kwenu wapi kwani?" Nikamwambia kwetu ni hapo hapo Igogo. Sasa ndipo alipoinua macho. Mwanamke wa Igogo, yuko na mwanaume, wana mabegi, wanataka kulala gesti mwendo mfupi kutoka nyumbani kwao. Hesabu ilikuwa imeshakamilika kichwani mwake. Ufunguo alitupa, lakini na jicho alitupa.

Sina ugomvi na binti yule. Alifikiri kwa lugha tuliyomfundisha sisi wote. Ugomvi wangu ni na lugha yenyewe, na na sisi wenye nayo.

Hebu tuisikilize. Kwa Kiswahili chetu, mtu "akitembea na" mke wa jirani, wazee huitwa. Mtoto akichelewa kurudi nyumbani huambiwa ni mtembezi, na mtembezi, tunasema, hula miguu yake. Kijana akiuza mbuzi akaenda kuona mji asioujua, ukoo hukaa kikao. Lakini mgeni akitoka nchi za mbali na begi mgongoni, suruali imechanika magotini, hajui kesho atalala wapi, huyo tumemtafutia neno lake zuri, tena lenye wizara: mtalii. Neno hilo tumelipaka rangi ya ngozi. Mtalii ni Mzungu. Mtu mweusi aliye safarini bila sababu ni mzinzi, mzururaji, au mtu anayekimbia madeni.

Najua kuna anayenikumbusha methali nyingine: tembea uone, mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali hizo zipo, nazo tunazitumia kwenye kanga na hotuba. Kwenye maisha tunatumia ile ya miguu.

*

Sisi husafiri kwa sababu. Shule, kazi, biashara, hospitali, harusi, na zaidi ya yote msiba. Nimeishi Dar es Salaam miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo nilirudi Igogo mara sita. Mara nne nilirudi kuzika. Mara moja harusi ya binamu, na mara moja mama alipofanyiwa upasuaji wa jicho. Mji wangu wa kuzaliwa naujua kupitia dirisha la gari linalowahi makaburini.

Mara ya mwisho ilikuwa 2024, kumzika baba.

Baba alifanya kazi Bandari ya Mwanza Kusini, chini tu ya mlima wetu, zaidi ya miaka thelathini. Mtu asiyeijua bandari ile akumbuke kwamba pale treni huingia melini. Meli ya MV Umoja ina reli juu ya sitaha yake. Mabehewa husukumwa kutoka nchi kavu moja kwa moja hadi ndani, yakafungwa minyororo, yakavuka ziwa kwenda Uganda au Kenya na mizigo yake bila kupakuliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya baba na wenzake: kuyaingiza mabehewa, kuyafunga, kuyatoa. Alivusha mizigo ya nchi tatu. Yeye mwenyewe hakuvuka.

Nyumba yetu ipo juu. Igogo wanaoishi chini wana barabara. Wanaoishi juu wana mawe. Nyumba zimejibanza kati ya majabali makubwa kuliko zenyewe, jiwe likiwa ukuta wa nyuma wa mmoja na ua wa mwingine, na njia ni ngazi za mawe zisizotosha watu wawili kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Mbele ya mlango wetu kuna jiwe bapa. Kila jioni baba alikaa hapo. Chini yake ilikuwa bandari, kisha maji ya ghuba, kisha Capri Point na nyumba zake za wenye nazo, na pembeni kidogo, majini, kisiwa cha Saa Nane.

Alikitazama kisiwa hicho zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 2019 nilimwambia kwa simu, "Baba, nikija Desemba nikupeleke Saa Nane." Akanyamaza kidogo, akauliza, akiwa anauliza kweli, si utani: "Nikafanye nini? Kuna msiba?"

Desemba ile sikwenda. Wala iliyofuata.

Alipofariki tulichanga. Mimi ndiye niliyekuwa naandika daftari, kwa hiyo namba nazijua: milioni nne na laki mbili. Tulikodi basi dogo kutoka Dar es Salaam. Ndugu, majirani, watu wa kanisani, wafanyakazi wenzangu. Watu thelathini na mmoja walisafiri usiku kucha kuja kumtazama mtu asiyeweza tena kuwatazama. Katika hao, walioamka siku moja katika miaka kumi na moja wakasema "twende tukamsalimie mzee Igogo" hawakuwepo. Nami nikiwemo.

Gari haliwezi kufika kwetu. Vijana wanane walishusha jeneza kwa mikono, wakipokezana kwenye kila kona ya mawe, wakiliinamisha, wakilisimamisha karibu wima pale njia inapobana. Nilikuwa nyuma yao. Katikati ya mlima niligeuka kushika ukuta, nikaliona ziwa lote limefunguka, na kisiwa katikati. Nikafikiri jambo la aibu kwa mtu aliyefiwa: pazuri hapa. Miaka thelathini na sita, na ndiyo mara ya kwanza nauona mji wangu. Imebidi baba afe.

Ndiyo maana tulirudi na mabegi.

*

Asubuhi ya kwanza tulipanda Igogo kama watalii: viatu vya raba, chupa za maji, simu mkononi ya kupigia picha. Mama alitupokea kwa furaha hadi alipojua tumelala wapi. Alikaa chini. "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nilimweleza kwamba tukilala nyumbani tutakuwa wageni wa nyumbani: tutapikiwa, tutatembelewa, tutakaa kwenye makochi tunaangaliwa hadi siku ziishe, kama kila mara. Alisema, "Kwani ubaya wake uko wapi?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na hadi leo naona nilimwumiza. Haki ninayoidai hapa ina gharama yake, na sehemu ya gharama hiyo aliilipa yeye.

Kaka yangu alikuwa mkali zaidi. Alituona tunapiga picha ngazi za mawe, akamgeukia mume wangu. "Shemeji, mmekuja kututalii? Mnatutazama kama samaki wa kwenye chupa?" Kisha akataja ile filamu.

Watu wa Mwanza tukisema "ile filamu" tunaelewana. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, kuhusu sangara, viwanda vya minofu, ndege za mizigo na watu wa mji huu. Ilipata sifa Ulaya na ikafika hadi kugombea tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani kwamba imeichafua nchi. Kaka yangu wakati huo alikuwa anabeba samaki. Anachokumbuka ni kwamba ulimwengu mzima uliona mji wake ukila mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kwenda Ulaya, na kwamba tangu hapo kila mwenye kamera anayepanda mlimani anatafuta panki lake.

Hoja yake ni nzito na sitaki kuipita juu juu. Kuna kutazama kunakodhalilisha. Mtu huja na picha yake kichwani, akazunguka siku tatu akitafuta uso wa kuijaza. Lakini angalia kaka yangu alipofikia: kwa kuwa tumewahi kutazamwa vibaya, basi hata sisi wenyewe tusijitazame. Na hapo yeye na viongozi wetu wanakutana bila kujua. Wao humwonyesha mgeni Capri Point, jiwe la Bismarck na Saa Nane, kisha wakaomba asiinue macho kuelekea milimani. Filamu ilionyesha mifupa peke yake. Vipeperushi vinaonyesha minofu peke yake. Samaki mzima hakuna aliyemwonyesha, na sisi tunaomjua tumeambiwa kutazama ni uzungu.

*

Niruhusu nikukumbushe mtalii mmoja aliyekaa Mwanza siku chache.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye vilima vya hapa, akaliona ziwa. Mwenzake, Richard Burton, alikuwa amebaki Tabora. Speke hakulizunguka ziwa. Hakulivuka. Alikaa siku chache tu, akapima, akauliza maswali, akageuka. Lakini aliondoka na mambo mawili: uhakika kwamba hapa ndipo chanzo cha Nile, na jina. Ziwa ambalo watu waliliita Nyanza akalipa jina la malkia wake, mwanamke ambaye hakuwahi kuliona hadi alipokufa. Pembeni mwa Speke alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akafikishwa India, akarudi, akawa mkalimani na kiongozi wa misafara. Bombay alitazama maji yale yale. Hakuna ghuba ya Bombay kwenye ramani. Ghuba ya Speke ipo.

Teremka karibu na kivuko cha Kamanga, utaona mawe yaliyosimama majini, jiwe juu ya jiwe, ambayo yako kwenye kila kalenda ya Mwanza. Tunayaita Bismarck, kwa heshima ya Kansela wa Ujerumani ambaye hakukanyaga Afrika. Wajerumani walipita hapa miaka isiyozidi thelathini. Wasukuma walikuwapo kabla yao na wapo hadi sasa, nasi tunampeleka bibi harusi kupiga picha "kwa Bismarck".

Simlaumu Speke kwa kutazama. Ninachosema ni kwamba anayetazama ndiye anayepata kusema. Siku chache za macho yake zilikuwa na uzito kuliko miaka arobaini ya baba kwenye jiwe bapa, kwa sababu Speke aliamini kwamba alichokiona kilikuwa na maana kuandikwa, na baba aliamini kwamba kutazama ni kupumzika tu. Kuna watu wawili waliofaidika na kutazama kwa namna hiyo. Tony na Maureen Wheeler, mume na mke, walitoka London wakavuka Asia kwa bei ya chini, wakafika Sydney mwishoni mwa 1972 wakiwa wamebakiwa na senti 27. Wakaandika kijitabu. Mwaka 1975 wakatoa kingine kuhusu Asia ya Kusini-Mashariki, na kwa vijitabu hivyo ikakua Lonely Planet, kampuni ya vitabu ambavyo vijana wale wa mapokezini wamevibeba. Mume na mke, mabegi mawili, senti 27. Kwetu wangeambiwa wanafuja. Kwao waliambiwa wamethubutu.

Na usiniambie ni damu yao. Mwaka 1896 Mswahili aitwaye Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia, akasimulia kwa Kiswahili alivyoiona baridi ile na watu wake, na masimulizi yake yakachapishwa mwaka 1901. Tulikuwa na watu wanaotazama Wazungu na kuandika. Tuliacha.

*

Basi tulitembea. Siku nne, na sitakusimulia zote, maana nusu yake ilikuwa jua na kutafuta choo.

Asubuhi ya pili tulikwenda Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la samaki. Dagaa walikuwa wamefungwa kwenye magunia yanayopita urefu wa mtu, mengine yanasubiri magari ya kwenda Congo. Mama mmoja alituona tumesimama. "Mnanunua au mnashangaa?" Nikasema tunashangaa. "Basi shangaeni pembeni, mnaniziba wateja." Tukasogea pembeni tukashangaa kwa nusu saa. Alipopata nafasi akatuita mwenyewe, akatueleza kitu ambacho mimi mtoto wa Mwanza sikukijua: kwamba siku hizi kwenye sangara watu hawagombanii mnofu, wanagombania bondo, ule mfuko wa hewa tumboni, unaokaushwa na kuuzwa China, na kwamba bondo la samaki mkubwa laweza kumpita samaki mwenyewe kwa bei. Kisha akasema, "Hakuna mtu aliyewahi kuja hapa kuniuliza haya bila kuwa afisa wa kodi."

Jioni tulipita Makoroboi, mtaa uliopewa jina la vibatari vilivyokuwa vikitengenezwa hapo kwa makopo. Nilinunua koroboi moja. Muuzaji aliuliza kama kwetu hakuna umeme. Nikasema upo. Akanitazama kwa huruma.

Nyuma ya nyumba yetu tulimkuta mjusi wa mawe, yule tuliyekuwa tukimpiga kwa manati tukimwita mjusi kafiri: mbele mwekundu kama nyanya, nyuma bluu. Mume wangu, ambaye ni mtu wa Tanga, alichuchumaa kumtazama hadi mjusi akachoka. Usiku akasoma kwenye simu kwamba wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, kwamba amebeba jina la mji wetu hadi kwenye vitabu vya Ulaya, na kwamba kuna watu ng'ambo wanaomfuga ndani kama paka kwa ajili ya rangi zake. Nilicheka hadi machozi. Manati yangu ilikuwa imewaua wangapi!

Siku ya tatu tulipanda basi la kwenda Sengerema, tukashuka Kigongo, tukavuka Daraja la Magufuli kwa miguu. Daraja lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 Juni mwaka huo, urefu wake kilomita tatu. Mahali ambapo zamani watu walisubiri kivuko saa nzima, wengine na wagonjwa ndani ya gari, sasa unapita kwa dakika chache. Na hapo nikaona kitu kilichonipa nguvu ya kuandika haya. Daraja lilikuwa na watu. Mzee wa baiskeli amesimama katikati, hana haraka, ametazama maji. Wasichana watatu wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumanne. Baba na mtoto begani. Hawakuwa wanakwenda Busisi wala hawakuwa wanatoka. Walikuja kuona. Nikamwuliza mzee anakwenda wapi. Akasema, "Nimepita tu," kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

Hilo ndilo linaloniuma. Hamu tunayo. Ruhusa ndiyo hatujipi. Mzee mzima, kwenye nchi yake, juu ya daraja lililojengwa kwa kodi yake, anaona aibu kukiri kwamba amekuja kutazama maji.

*

Utasema: pesa. Wifi yangu alilisema kabla yako. "Hizo hela mngempa mama."

Haya, tuzihesabu. Chumba elfu ishirini na tano kwa usiku. Chakula cha mama ntilie, samaki na ugali, mara mbili kwa siku. Daladala, bodaboda mbili, basi la daraja, koroboi moja. Ukiweka na nauli ya kuja na kurudi, tulitumia chini ya nusu ya kile ambacho sisi wawili peke yetu tulichangia msiba wa baba, ukijumlisha sare, na sare ile sijaivaa tena. Hakuna aliyetuambia fedha za sare tungempa mama. Hakuna aliyetuuliza kwa nini ng'ombe wawili walichinjwa kwa ajili ya mtu ambaye miaka yake ya mwisho alikuwa akila nyama siku ya Krismasi.

Najua wapo ambao hata elfu tano ya ziada hawana, na kuwahubiria hao kuhusu utalii ni utovu wa adabu. Lakini wengi tunaosema hatuna ni sisi tulio kwenye magrupu manne ya michango kwa wakati mmoja. Fedha tunazo za kuzika. Tunazo za harusi ya mtoto wa bosi. Tunakosa za kumpandisha mzee kwenye boti akiwa hai.

Wala sisemi tuache kuzikana. Nilipofiwa, wale thelathini na mmoja walinibeba, na deni lao sitalimaliza. Ninachodai ni kidogo: tuwe na sababu nyingine ya kufika. Na serikali inayotuimbia utalii wa ndani kila mwaka ikumbuke kwamba bango la twiga halimsaidii mtu ambaye mapokezini anaombwa cheti cha ndoa.

*

Siku ya nne nilimwambia mama, "Leo tunakwenda Saa Nane." Alisema ana nguo za kufua. Akasema goti. Akasema jua. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge alichovaa kumzika baba, maana ndicho kizuri.

Kwa boti ni dakika chache tu. Chache kiasi kwamba mama alipoambiwa tumefika aliuliza, "Ndiyo hapa?" Saa Nane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, na kabla ya hapo, kuanzia 1964, ilikuwa bustani ya wanyama ya kwanza ya serikali, tembo na vifaru waliwahi kuvushwa kwa meli kuletwa kwenye kisiwa ambacho unaweza kukizunguka kabla chai haijapoa. Siku hizi kuna swala, pundamilia, tumbili wezi, na mijusi wetu wekundu juu ya kila jiwe.

Kijana aliyetuongoza alieleza kwamba jina limetokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi kisiwani, na kwamba yeye na waliokuwapo walihamishwa ili kupisha wanyama. Wageni wengine waliitikia kwa vichwa. Mama akauliza, "Walimpeleka wapi?"

Kijana alisema hana uhakika.

"Alikuwa na watoto?"

Hakujua.

"Huyo mzee," mama akasema, akinigeukia mimi, "ni kama sisi huku kwetu." Mahali pazuri palipoitwa kwa jina la mwenyeji, mwenyeji mwenyewe aliondolewa. Siku nne nilikuwa nimezunguka na Speke na Bismarck kichwani, na swali lile halikunijia. Lilimjia mwanamke wa miaka sitini na nane, mara yake ya kwanza kuwa mtalii, ndani ya nusu saa.

Tulipanda hadi juu ya jabali. Ng'ambo ya maji ilionekana bandari, reli, na nyuma yake Igogo yote imepanda mlima, mabati yakimetameta kati ya mawe. Mama aliitafuta nyumba yake muda mrefu. Mume wangu alimwonyesha kwa kidole. Akakataa, akasema ile si yenyewe. Aliipata mwishowe kwa jiwe. Jiwe bapa lilionekana wazi kabisa, jeupe, tupu.

Alilitazama. Kisha akasema, "Nimwite kaka yako naye aje? Boti ya mwisho ni saa ngapi?"

Nilimpa simu. Nikasikia upande wa pili kaka akiuliza, kwa sauti ya hofu, nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," mama akamjibu. "Tunatembea tu. Njoo."